Pikapu kubwa ya Marekani: Nguvu za siku chache, gharama za kila siku

KITANDA usichokilalia hujui kunguni wake. Wahenga waliosema hivyo hawakuwa wameziona pikapu kubwa za Marekani, lakini usemi wao unazifaa mno.

Huku kwetu magari hayo huonekana zaidi kwenye filamu kuliko barabarani. Ni mapana, ni marefu, na boneti zake hufika kifuani mwa mtu mzima. Anayeyatazama kwa mbali huona nguvu, fahari na uhuru wa kubeba chochote na kwenda kokote.

Wanaoyamiliki wana simulizi ndefu zaidi. Si kwamba wanayachukia magari yao. Wengi wao huyapenda kupindukia. Hata hivyo, mtu akiwasikiliza kwa makini atagundua kuwa pikapu kubwa ni gari linalonunuliwa kwa ajili ya siku chache za kazi nzito, kisha mwenyewe akalazimika kuishi nalo siku nyingine zote za mwaka. Raha na karaha zake zote zinatokana na tofauti hiyo.

Makala haya yanaeleza maisha hayo yalivyo, ili msomaji anayepanga kununua gari la aina hii, au aliye na jamaa ng'ambo anayemwomba ushauri, ajue anachokitia mkononi.

Ni gari la namna gani?

Pikapu zinazoitwa kubwa nchini Marekani ni kama vile Ford F-150, Chevrolet Silverado 1500, GMC Sierra 1500, Ram 1500 na Toyota Tundra. Juu yake kuna nyingine nzito zaidi, mfano F-250 na F-350, ambazo aghalabu hununuliwa na wakulima, wajenzi na watu wanaovuta trela nzito kila wiki.

Ili kupata picha ya ukubwa huo, tuchukue pikapu tunayoifahamu sote. Toyota Hilux ya milango minne ya kizazi kilichotoka mwaka 2015 ina urefu wa takriban mita 5.3 na upana usiofika mita 1.9. Ford F-150 ya milango minne, ile inayopendwa zaidi na familia, ina urefu wa karibu mita 5.9 na upana wa zaidi ya mita 2. Vioo vya pembeni vikihesabiwa, upana huo hufika mita 2.4.

Tofauti ya nusu mita inaweza kuonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye kichochoro, langoni au katika maegesho ya duka, nusu mita hiyo ndiyo humfanya dereva atokwe na jasho.

Pamoja na ukubwa huo, sheria haimtaki dereva awe na leseni ya lori. Leseni ya kawaida inatosha kuendesha gari hili na hata kuvuta trela nyuma yake, mradi uzito wote usizidi kiwango ambacho sheria za nchi hiyo zimekiweka kwa magari ya kibiashara, yaani takriban tani 11.8. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiendesha gari dogo jana anaweza kulala na kuamka akiwa dereva wa chombo cha zaidi ya tani 2.

Chimbuko lake

Pikapu ilianza kama chombo cha shambani. Wakulima wa Marekani walikuwa wakikata sehemu ya nyuma ya magari yao na kupachika sanduku la mbao la kubebea mazao. Mwaka 1925, kampuni ya Ford iliamua kuuza gari la Model T lililokuwa tayari na sanduku la nyuma, kwa bei ya dola 281.

Mwaka 1948 Ford ilizindua magari ya F-Series. Tangu mwaka 1977 magari hayo yamekuwa yakiongoza mauzo ya pikapu zote nchini Marekani, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya themanini yamekuwa yakiyashinda hata magari madogo ya familia.

Umaarufu huo haukuletwa na ubora wa gari peke yake. Siasa za biashara nazo zilichangia, na kisa chenyewe kinaweza kumchekesha msomaji.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini, nchi za Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku waliotoka Marekani. Serikali ya Rais Lyndon Johnson ililipiza kisasi kwa kutoza bidhaa kadhaa za kigeni ushuru wa asilimia 25 kuanzia mwaka 1964, yakiwemo malori madogo. Ugomvi wa kuku ulisahaulika, lakini ushuru wa malori ukabaki kwa zaidi ya nusu karne. Pikapu za kigeni zikawa ghali, nazo kampuni za Detroit zikapata soko lisilo na mshindani mkubwa.

Jambo jingine ni sheria ya mwaka 1975 ya kupunguza matumizi ya mafuta. Viwango vilivyowekewa malori madogo vilikuwa legevu kuliko vile vya magari ya kawaida, kwa hivyo watengenezaji waliona faida kuwekeza katika pikapu na magari ya jamii hiyo.

Kadiri miaka ilivyosonga, gari la shamba likageuka kuwa gari la familia. F-150 za kizazi cha kwanza zilitenga takriban asilimia 64 ya urefu kwa mizigo na asilimia 36 kwa abiria. Kufikia mwaka 2021 hesabu hiyo ilikuwa imepinduka: asilimia 63 kwa abiria na 37 kwa mizigo. Viti vya ngozi, skrini pana na kiyoyozi cha nyuma vikachukua mahali pa magunia ya viazi.

Raha zake

Haki ya mnyonge haifai kunyimwa, sembuse ya gari lenye nguvu. Pikapu kubwa ina raha zake, na wenyewe hawachoki kuzitaja.

Ya kwanza ni nafasi. Watu watano wazima hukaa bila kugusana magoti. Kiti cha watoto wachanga, ambacho katika gari dogo humlazimu abiria wa mbele kujikunyata, huingia nyuma pasi na taabu. Viti vya nyuma vikikunjwa, hupatikana mahali pa kuweka vitu ambavyo mtu hataki vinyeshewe.

Ya pili ni kuona mbali. Dereva huketi juu, akiona kwa mbali msongamano ulioko mbele yake. Safari za saa nane au kumi katika barabara kuu za nchi hiyo huwa nyepesi, kwa sababu gari ni pana, kimya na halichoshi mgongo.

Ya tatu ni uhuru wa kufanya mambo bila kuomba msaada. Mwenye pikapu akinunua jokofu, mbao za kukarabati nyumba au kitanda kipya, huvipakia na kuondoka. Hangoji gari la kukodi wala halipii usafirishaji. Uchafu wa bustani, mchanga na kuni havimtii kinyaa, maana haviingii mahali wanapoketi watoto.

Katika miaka ya karibuni imeongezeka raha ya nne, ambayo Mkenya anayefahamu adha ya kupotea kwa stima ataielewa upesi. Baadhi ya pikapu za sasa zina soketi za umeme huko nyuma. Dhoruba ya baridi kali ilipolikumba jimbo la Texas Februari 2021, na mamilioni ya watu wakakosa umeme, baadhi ya waliokuwa na F-150 zinazotumia petroli na umeme kwa pamoja walivuta nyaya hadi ndani ya nyumba. Mfumo wa magari hayo uliweza kutoa hadi kilowati 7.2, kiasi cha kuwasha taa, jokofu na vifaa vya kupasha joto. Kampuni ya Ford yenyewe iliwaomba wauzaji wake wa Texas wawaazime wananchi magari ya aina hiyo waliyokuwa nayo.

Siku kama hizo mwenye gari huona kila senti aliyolipa imerudi. Tatizo ni kwamba si siku nyingi.

Jumatatu hadi Ijumaa

Maisha ya kawaida ya pikapu kubwa hayako mlimani wala shambani. Yako kazini, shuleni, kanisani au msikitini, na dukani. Huko ndiko kunguni wa kitanda hiki wanakouma.

Maegesho ndiyo malalamiko ya kwanza. Nafasi ya kawaida ya kuegesha nchini Marekani ina upana wa takriban mita 2.7 na urefu wa mita 5.5. Gari la mita 5.9 likiingia humo, pua au mkia wake hubaki nje. Upana nao huacha kipenyo chembamba kila upande, hata abiria akashindwa kufungua mlango sawasawa ikiwa jirani yake pia amekuja na pikapu.

Kwa sababu hiyo, wamiliki wengi hujenga mazoea mapya. Huegesha mbali na mlango wa duka, mahali palipo na nafasi mbili tupu zinazofuatana, kisha hutembea. Huingia kwa kurudi nyuma ili watoke wakitazama mbele. Huyakwepa maegesho ya ghorofa yaliyo katikati ya miji, kwa kuwa dari ni fupi na kona ni kali.

Nyumbani hali haiwi nafuu sana. Banda la gari la nyumba nyingi za Marekani lina kina cha takriban mita 6. Pikapu ya mita 5.9 huingia, lakini haibakishi pa kupita mtu. Baskeli za watoto, ngazi na mashine ya kukatia nyasi hulazimika kuhamishwa, au gari lenyewe lilale nje kwenye jua na theluji. Mtu mwenye busara hupima banda lake kabla ya kwenda kwa muuzaji, na kulipima kwa utepe wala si kwa macho.

Kuna na kero ndogondogo ambazo hazitajwi katika matangazo. Wazee na watu wafupi huhitaji kidato ili wapande. Kufikia kitu kilichoteleza hadi katikati ya sehemu ya mizigo humdai mtu apande juu au atafute fimbo ya kukivuta. Kuosha paa la gari ni kazi ya ngazi. Mikoba ya ununuzi ikiwekwa nyuma hutapakaa kila kona, kwa hivyo familia huishia kuibana kwenye viti, na lile eneo kubwa la mizigo likabaki tupu.

Tupu halifai

Jambo linalowashangaza wanunuzi wapya ni kwamba pikapu hupenda mzigo. Ikiwa tupu, hubadilika tabia.

Sababu yake ni springi. Pikapu nyingi hutumia springi za mabamba ya chuma kwenye ekseli ya nyuma. Mabamba hayo yamepimwa yastahimili mamia ya kilo. Yasipokuwa na cha kubeba, hubaki magumu, na kila shimo barabarani humfikia abiria kama teke. Ram 1500 iliachana na mabamba kuanzia modeli ya mwaka 2009 na kutumia springi za kuzunguka, na wengi huisifu kwa utulivu wake.

Fauka ya hayo, uzito wa pikapu tupu uko mbele, kwenye injini. Katika majimbo yenye theluji kama Minnesota, ambako wanaishi Wakenya wengi, magurudumu ya nyuma huteleza kwa wepesi, hasa kwa gari linalosukumwa na magurudumu hayo pekee. Ndiyo maana wakati wa baridi hutaona ajabu mtu akipakia magunia ya mchanga ambayo hayapeleki popote. Huyaweka juu ya ekseli ya nyuma ili gari lishike barabara.

Eneo la wazi pia lina wezi na mvua. Wengi hununua kifuniko cha turubai au cha mabamba magumu kwa gharama ya ziada. Wengine wamewahi kuamka asubuhi na kukuta ule mlango mdogo wa nyuma umeng'olewa, kwa sababu hufunguka upesi na vipuri vyake vina soko.

Hesabu ya mfuko

Bei ya wastani ya pikapu kubwa mpya nchini Marekani imepita dola 60,000. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, hizo ni zaidi ya Sh7.7 milioni. Wengi hawana fedha hizo taslimu, kwa hivyo huchukua mkopo wa miaka sita au saba. Gari hufika uzee na deni likingali kijana.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Pikapu kubwa ya petroli ya siku hizi husafiri takriban maili 20 kwa galoni moja ya Marekani, yaani karibu kilomita 8.5 kwa lita. Kwa gari la ukubwa huo si vibaya hata kidogo. Za zamani zilikunywa zaidi. Lakini gari la kawaida la familia hupata maili 32.

Tuseme mtu anaendesha maili 12,000 kwa mwaka, sawa na kilomita 19,300, na galoni ni dola 3. Pikapu itatumia galoni 600, yaani dola 1,800. Gari la kawaida litatumia galoni 375, yaani dola 1,125. Tofauti ni dola 675 kila mwaka, na hapo hakujavutwa trela yoyote. Pikapu ikivuta trela kubwa, umbali inaokwenda kwa galoni hushuka hadi karibu nusu.

Hali ni iyo hiyo kwa pikapu za umeme. Wamiliki wa F-150 Lightning, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2022, waligundua kwamba trela refu hukata safari yao kwa takriban nusu, ikabidi wasimame mara nyingi zaidi kuchaji, tena mara nyingine wakilazimika kulifungua trela kwanza kwa sababu vituo vya kuchajia havikujengwa kwa magari yenye mkia.

Matairi, breki na mafuta ya injini hufuata kanuni moja: kikubwa hula kikubwa. Anayetoka kwenye gari dogo hushtuka siku ya kwanza ya kubadilisha matairi manne.

Kibandiko cha mlangoni

Katika yote yaliyotajwa, jambo linaloweza kugharimu maisha ni kutoielewa nguvu ya gari lenyewe.

Matangazo hutaja uwezo wa kuvuta zaidi ya tani 5. Mnunuzi hubeba idadi hiyo kichwani, akaamini kuwa gari lake litavuta chochote kilicho chini ya hapo. Ukweli umo katika kibandiko kidogo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kibandiko hicho hutaja jumla ya uzito wa watu na mizigo ambayo gari hilo mahususi haipaswi kuizidi. Magari mawili yanayofanana kwa jina yanaweza kutofautiana, kwa sababu kila pambo linaloongezwa, kuanzia paa la kioo hadi viti vya umeme, hupunguza uzito ambao gari linaweza kubeba.

Trela nalo halivutwi tu. Sehemu ya uzito wake huliegemea gari. Sehemu hiyo kwa kawaida ni kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela, na huhesabiwa kama mzigo uliomo ndani ya gari.

Tuchukue mfano wa familia inayotaka kuvuta nyumba ya magurudumu ya kilo 3,600 kwenda likizoni. Kibandiko cha pikapu yao kinasema kilo 680. Asilimia 12 ya uzito wa trela ni kilo 432. Vyuma vya kuliunganisha vina kilo 45. Baba ana kilo 90, mama 75, na watoto wawili kilo 40 kila mmoja, jumla 245.

Ukijumlisha unapata kilo 722. Familia hiyo imepita kiwango kwa kilo 42 kabla ya kupakia sanduku moja la nguo, ilhali trela lenyewe liko mbali sana na zile tani 5 za tangazo.

Gari litang'oka, na hapo ndipo penye hatari, maana dereva ataona mambo yako sawa. Kumbe nyuma imezama na mbele imeinuka. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo hukata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, yamepungukiwa na uzito. Taa zinamulika machoni mwa wanaokuja. Upepo wa pembeni au lori likipita kwa kasi, trela huanza kuyumba kama mkia wa samaki, na dereva asiye na uzoefu huzidisha balaa kwa kukanyaga breki ghafla.

Wenye uzoefu hupeleka gari na trela kwenye mizani ya malori kabla ya safari ya kwanza. Ni gharama ndogo sana ikilinganishwa na ajali.

Wasioonekana mbele ya boneti

Gharama nyingine hailipwi na mwenye gari, bali na wapita njia.

Taasisi ya IIHS, ambayo hufadhiliwa na kampuni za bima nchini Marekani kuchunguza usalama wa barabarani, ilitangaza Novemba 2023 matokeo ya utafiti kuhusu kimo cha magari. Ilibainika kuwa magari ambayo boneti zake zimepita kimo cha takriban sentimita 102 yana uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kumuua mtembea kwa miguu yakimgonga, yakilinganishwa na yale yenye boneti iliyoinama isiyozidi sentimita 76.

Sababu yake haihitaji elimu ya juu. Gari la chini humpiga mtu miguuni na kumrusha juu ya boneti. Gari la juu humpiga kifuani au kichwani na kumwangusha chini ya magurudumu.

Utafiti mwingine wa taasisi hiyo, wa mwaka 2022, ulionyesha kwamba pikapu huhusika kwa kiwango kikubwa zaidi katika vifo vya watu wanaogongwa gari likikata kona ya kushoto, ile ambayo kwetu ni kona ya kulia. Watafiti waliashiria kwamba huenda nguzo nene zinazoshikilia kioo cha mbele humziba dereva asione anayevuka.

Idadi ya watembea kwa miguu waliouawa barabarani nchini Marekani ilipanda kutoka zaidi ya 4,100 mwaka 2009 hadi zaidi ya 7,500 mwaka 2022. Ukubwa wa magari si sababu pekee; kuna mwendo wa kasi, giza, ulevi na simu. Hata hivyo wataalamu wengi wanauhesabu miongoni mwa sababu.

Tangu Mei 2018 magari madogo na pikapu mpya nchini humo zimelazimika kuwa na kamera ya nyuma. Ya mbele haijalazimishwa, na mbele ndiko mtoto mfupi anakoweza kusimama bila dereva kumwona. Kwa hiyo wazazi waangalifu wana desturi ya kulizunguka gari kwa miguu kabla ya kuliwasha, hasa nyumbani, mahali ambapo mtoto anayeweza kuwa mbele ya boneti ni wao wenyewe.

Jirani mwema wa kila mtu

Kuna jambo ambalo kila mwenye pikapu hulijua na hakuna muuzaji anayelitaja. Siku gari linapofika nyumbani, mwenyewe huwa msafirishaji wa ukoo mzima.

Anayehama nyumba atapiga simu. Aliyenunua kochi atapiga simu. Kwa jamii za Waafrika huko ng'ambo, ambako watu husaidiana katika harusi, misiba na kuhama, maombi hayo huwa mengi maradufu, na kukataa huonekana kama kiburi. Waama, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayeomba haoni mafuta yaliyochomeka wala mkwaruzo ulioachwa na mguu wa meza.

Walioishi na magari haya kwa muda mrefu huweka kanuni mapema. Mwombaji hujaza tangi, na mwenye gari ndiye huendesha. Undugu hubaki salama.

Siku ngapi kwa mwaka?

Hapa ndipo tunapofika kwenye swali lenyewe. Je, nguvu hizi zote hutumika mara ngapi?

Kampuni ya utafiti wa soko ya Strategic Vision imekuwa ikiwauliza wamiliki wa pikapu swali hilo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa takriban asilimia 75 yao walivuta trela mara moja kwa mwaka au hawakuvuta kabisa. Karibu asilimia 70 walitoka nje ya barabara ya kawaida mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Hata kubeba mizigo nyuma, kazi iliyolipa gari hili jina, asilimia 35 waliifanya mara moja kwa mwaka au chini ya hapo.

Takwimu hizo hazisemi kwamba watu hao ni wajinga. Mtu ana haki ya kununua kinachomfurahisha. Zinasema tu kuwa wengi wanalipia kila siku uwezo wanaouhitaji siku moja. Na kwa siku hiyo moja, maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi na kampuni kama U-Haul hukodisha pikapu kwa saa au kwa siku.

Kwa upande wa pili, mkulima, fundi wa mabomba, mjenzi au mtu mwenye ng'ombe na mashua hana haja ya kuhesabu. Kwake pikapu ni jembe, na jembe halilaumiwi kwa kuwa zito.

Funzo kwetu

Nchini Kenya magari haya ni adimu kwa sababu zinazoeleweka. Sheria hairuhusu kusajiliwa kwa magari yenye usukani wa kushoto isipokuwa ya kazi maalumu, na magari yaliyotumika hayaruhusiwi kuingia nchini yakiwa yamepita umri wa miaka minane. Nchini Australia, ambako pia watu huendesha upande wa kushoto wa barabara, kuna kampuni zinazozigeuza Ram na F-150 usukani uwe kulia, lakini kazi hiyo huongeza bei ya gari ambalo tayari ni ghali.

Kwetu pikapu ilikuja kwa sura nyingine. Wanaokumbuka Peugeot 404 na 504, au Datsun 1200, wanajua zilivyobeba maziwa, kabichi na hata abiria wakati matatu zilipokuwa haba. Leo kazi hiyo inafanywa na Hilux, Land Cruiser na Isuzu D-Max, ambayo huunganishwa jijini Nairobi. Pikapu inayotoka Meru na miraa alfajiri haina siku ya kupumzika, na hakuna atakayemuuliza mwenyewe kwa nini ana gari la mizigo.

Lakini pikapu za milango minne zenye viti vya ngozi zimeanza kuonekana kwenye maegesho ya ofisi za Upper Hill na Westlands, zikiwa safi nyuma kama sahani iliyooshwa. Anayezitamani, awe Nairobi au Dallas, ana maswali yale yale ya kujibu kabla ya kutia saini mkopo.

Mwaka uliopita ulibeba mzigo usioingia ndani ya gari la kawaida siku ngapi? Kukodi gari siku hizo kungekugharimu kiasi gani? Lango lako, banda lako na maegesho ya kazini vina vipimo gani? Kibandiko cha mlangoni kinaruhusu kilo ngapi, na familia yako ina kilo ngapi? Na mtoto wako akisimama mbele ya boneti, utamwona?

Mtu akiyajibu hayo kwa kalamu na karatasi, na hesabu ikakubali, basi anunue pikapu yake kwa moyo mweupe. Itamtumikia kwa miaka mingi. Hesabu ikikataa, gari dogo litamfikisha kazini kila asubuhi, na siku ya kochi atakodi.